UZI: Profesa ana marejeleo 20,000. Sawa, lakini alikuwa jina la ngapi?

Mkutubi_Wandegeya

Wanajamvi habari zenu.

Kila msimu wa kupanda vyeo ukikaribia, madaktari hupanga foleni mbele ya meza yangu. Mimi ni mkutubi wa maktaba ya tiba hapa Kampala, na wanalotaka ni moja tu: niwachapie ukurasa wao wa Google Scholar, tovuti inayoorodhesha makala za watafiti, nigonge muhuri, faili iende kwenye kamati. Juu ya ukurasa huo kuna namba tatu: jumla ya marejeleo, yaani mara ngapi makala zako zimetajwa na watafiti wengine, h-indeksi na i10. Kamati ikishaziona hizo tatu, kazi imekwisha. Makala zenyewe hazifunguliwi. Najua kwa sababu nakala zinazorudi kwangu bado zina pini nilizobana mwenyewe, hazijapinda hata kona.

Naleta uzi huu kwa sababu humu mitandaoni tumeanza mashindano. Huyu anapigiwa vigelegele kwa marejeleo 20,000, yule anabezwa kwa kuwa na 400. Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kubisha abishe: jumla ya marejeleo ya mtafiti wa tiba wa hapa kwetu inakueleza zaidi amepita kwenye miradi ya nani kuliko amefanya nini.

Katika tiba mpangilio wa majina una maana. Jina la kwanza ni la aliyebeba kazi na kuiandika. La mwisho ni la mkuu, mwenye ruzuku na maabara. Katikati ni mchanganyiko: yuko aliyekesha, yuko aliyetoa wazo zuri kwenye kikao kimoja, na yuko ambaye ni mkuu wa idara tu. Google Scholar haitofautishi. Makala ikirejelewa mara 3,000, kila mmoja kwenye orodha anaandikiwa 3,000 kamili.

Chukueni mifano ya kwetu. Oktoba 1985, jarida la Lancet lilitoa makala iliyoeleza ugonjwa wa kukonda uliokuwa ukiwamaliza watu Rakai na Masaka, na kuuhusisha na virusi ambavyo leo tunaviita VVU. Jina la kwanza ni David Serwadda, la pili Mugerwa, la tatu Nelson Sewankambo. Watu wa Mulago na Makerere, mbele kabisa, wakieleza walichokiona kwa wagonjwa wao.

Sasa nendeni mwaka 2000. Jarida la tiba la Marekani, New England Journal, linatoa utafiti wa Rakai wa wanandoa 415 ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Waligundua kwamba wingi wa virusi kwenye damu ndio unaoamua zaidi nani ataambukiza, na kwamba hakuna maambukizi yaliyoonekana pale mwenye virusi alipokuwa na nakala chini ya 1,500 kwa mililita. Hoja ya leo kwamba anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane haambukizi ina mizizi pale. Jina la kwanza ni Quinn, la mwisho ni Gray, wote wa upande wa Marekani. Sewankambo na Serwadda wako katikati. Watu wale wale, wilaya ile ile, nafasi tofauti. Kwenye ukurasa wa marejeleo, 1985 na 2000 zinajumlishwa kama shilingi na shilingi.

Halafu kuna hizi kazi za kimataifa za kupima mzigo wa magonjwa duniani, zenye waandishi mamia. Kijana anaingia kwenye mtandao wa washirika, anapitia majedwali ya nchi yake, anatoa maoni, jina linaingia. Si dhambi. Lakini makala tano za namna hiyo zinampa marejeleo ambayo daktari bingwa wa Gulu hatayafikia akiandika peke yake mpaka astaafu. Wanafizikia ndio wamevunja rekodi: mwaka 2015 walitoa makala moja ya waandishi 5,154, kurasa 33, na 24 kati ya hizo ni majina matupu.

Karibuni.

Dripu_Soroti

Dada mkutubi, hapo kwenye watu wa katikati umenigusa pabaya.

Utafiti wa FEAST wa 2011 mnaujua? Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliolegea, hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda. Kwetu ni Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Swali lilikuwa jepesi na la kutisha: mtoto wa namna hiyo akifika, tumpe maji ya dripu kwa kasi kama vitabu vya Ulaya vinavyosema, au tuende polepole? Jibu likawa kwamba waliopewa kwa kasi walikufa zaidi. Ndani ya saa 48, kiasi cha 10.6% na 10.5% kwenye makundi mawili yaliyopewa, 7.3% kwa wasiopewa. Dunia nzima ya madaktari wa watoto ilitikisika, na mabishano hayajaisha hadi leo.

Jina la kwanza ni Kathryn Maitland, Mwingereza aliyeko Kilifi. La pili ni Sarah Kiguli wa Makerere. Baada yake majina ya Waafrika yanafuatana. Sasa ukiniambia jina la tano au la nane limebebwa, nakukaribisha wodini saa nane usiku. Mtoto analetwa amelegea, viganja vyeupe, anahema kama amekimbizwa. Mama hajui hata ameingia mlango gani. Ndani ya dakika chache umweleze kwa Kiteso kwamba kuna utafiti, atikise kichwa kukubali au kukataa, ufungue bahasha inayosema mtoto yuko kundi gani, uanze. Maelezo kamili na saini vinafuata baadaye, mtoto akishatulia. Na kama hakutulia, ni wewe huyo huyo unarudi kukaa na mama yule. Kazi hiyo haina jina la kwanza wala la mwisho, lakini bila hiyo hakuna makala.

Mkutubi_Wandegeya

Dokta, soma tena. Sijasema wa katikati amebebwa. Nimesema ukurasa hauwezi kumtenganisha aliyefungua bahasha saa nane usiku na aliyesaini barua ya idara saa nne asubuhi. Wote wanaandikiwa namba ile ile. Wewe ndiye unayeibiwa hapo.

Mwanagenzi_Mbarara

Samahani wakubwa, mimi ni mwanafunzi wa uzamili. H-indeksi yenyewe inapigwaje? Msimamizi wangu anaitaja kila siku na mimi naitikia tu.

Mkutubi_Wandegeya

Swali zuri mdogo wangu, na wengi wa juu yako wanaitikia tu vilevile.

Aliyeileta ni mwanafizikia wa California, Jorge Hirsch, mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi. Tuseme una nane: 90, 40, 12, 6, 5, 5, 2, 0. Sasa shuka nazo ukihesabu. Ya kwanza ina 90, zaidi ya 1, sawa. Ya pili 40, sawa. Ya tatu 12, ya nne 6, ya tano 5, bado sawa. Ya sita ina 5, haifiki 6. Simama. H-indeksi yako ni 5. I10 ni makala zenye marejeleo kumi au zaidi, kwa hiyo wewe una 3.

Ona sasa kasoro. Ile ya 90 ikipanda hadi 9,000 kwa sababu umegundua jambo la kuokoa dunia, h-indeksi yako inabaki 5. Na haishuki kamwe. Ukiacha utafiti ukaenda kufuga kuku Mukono, itaendelea kupanda yenyewe.

Mwanagenzi_Mbarara

Webale nnyo nnyabo. Kwa hiyo mzee anayefuga kuku anaweza kunizidi.

Mkutubi_Wandegeya

Anakuzidi sasa hivi.

Mzee_Vitongojini

Wanangu, mimi si daktari. Nilifanya kazi ya kuhoji watu vijijini kwa miradi ya utafiti huko kusini, miaka mingi, mpaka magoti yakagoma. Baiskeli, kisha pikipiki, boksi la barafu nyuma. Mnabishana jina la kwanza na la kumi. Sisi hatukuwa jina lolote.

Na si jambo la jana. Kuna habari ya Bunyoro, mwaka 1879. Mzungu mmoja, Robert Felkin, alikuwa bado anasomea udaktari, akapita Kahura akaona mganga wa huko akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, tumbo na mikono ya mganga vikaoshwa kwa pombe hiyo hiyo, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa sindano za chuma zilizong'arishwa na nyuzi za gome. Mtoto akatoka mzima, na siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Felkin akachapisha Edinburgh mwaka 1884. Kila anayeandika historia ya upasuaji wa uzazi anamtaja Felkin. Aliyeshika kisu hana jina. Haya, h-indeksi yake ni ngapi?

Nendeni na msitu wa Zika, hapo njia ya Entebbe. Aprili 1947 walikuwa wamewaweka kima kwenye majukwaa juu ya miti ili waumwe na mbu, wakitafuta homa ya manjano. Kima mmoja akapata homa, damu yake ikatoa kirusi kipya. Makala ikatoka 1952, waandishi Dick, Kitchen na Haddow. Yule kima anajulikana mpaka leo kwa namba yake, 766. Vijana waliokuwa wakipanda na kushuka miti ile kuwalisha, mimi na nyinyi hatuna hata namba yao.

Dripu_Soroti

Mzee umemaliza maneno.

Hesabu_Nyeusi

Hajamaliza, naongezea hapo hapo Zika. Mimi ni mtu wa takwimu, na makala ile ya 1952 naipenda kuliko zote kwa kufundishia.

Ilikaa miaka zaidi ya hamsini ikirejelewa na wachache mno, wapenzi wa virusi vya mbu. Hakuna aliyeihitaji. Mwaka 2007 ugonjwa ukatokea kisiwa cha Yap huko Pasifiki, 2013 ukaingia visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, 2015 Brazil, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Ghafla kila aliyeandika lolote kuhusu Zika, aya yake ya kwanza lazima imtaje Dick na wenzake. Marejeleo yakafumuka. Sasa niambieni: ubora wa kazi ile ulibadilika lini? Neno halikubadilika hata moja tangu 1952. Kilichobadilika ni mbu wa Brazil.

Upande wa pili kuna Wakefield. Mwaka 1998 aliandika kwenye Lancet kuhusu watoto 12, akiunganisha chanjo ya surua na usonji. Uongo. Lancet waliifuta mwaka 2010. Ni kati ya makala zilizofutwa ambazo zimerejelewa sana katika tiba, na wengi wanaoirejelea wanaitaja ili kuilaani. Mashine haijui laana. Inahesabu tu.

Na makala iliyorejelewa kuliko zote katika sayansi ni ya Lowry na wenzake, 1951, ya namna ya kupima protini kwenye maji ya maabara. Si ugunduzi wa ugonjwa wala dawa. Ni mbinu ambayo kila maabara iliitumia, basi kila maabara ikaitaja. Kwa hiyo ukitaka marejeleo, usigundue kitu, tengeneza kipimo ambacho watu hawawezi kukikwepa.

Boda_wa_Sayansi

Mimi naona huu uzi wote ni wivu. Mtu ana 20,000, wewe una 40, unaanza kuuliza alikuwa jina la ngapi. Kajitume.

Hesabu_Nyeusi

Nina 31, si 40. Usiniongezee.

Mkutubi_Wandegeya

Ndugu Boda, huenda kuna wivu humu, hata sokoni upo. Ila swali linabaki. Kamati ikimpa mtu uprofesa kwa namba hiyo, ndiye atakayesimamia wanafunzi na kuandika maombi ya ruzuku. Kama hajawahi kuongoza utafiti hata mmoja kuanzia swali mpaka makala, mwanafunzi wake atakwama mwaka wa pili. Nawaona maktabani. Wanakuja kuniuliza mimi, mkutubi, namna ya kupanga dodoso.

Limfoma_Mulago

Nawapa kisa kimoja cha jina la katikati, halafu nirudi wodini.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago. Aliona watoto wenye uvimbe wa taya wa ajabu, akauandika mwaka 1958 kwenye jarida la Uingereza la upasuaji. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Mwaka 1961 alikuwa London akitoa mhadhara, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti mmoja, Anthony Epstein. Akahisi kuna kirusi ndani ya uvimbe ule. Wakapatana vipande vya uvimbe viwe vinapakiwa Kampala na kurushwa kwa ndege. Kwa muda mrefu hawakupata kitu. Kipande kilichokuja kuwafungulia njia, Desemba 1963, kilichelewa kwa sababu ya ukungu London. Ndege ikatua Manchester, na maji kwenye chupa yakawa yamechafuka. Walidhani yameoza, kumbe ni seli zilizojinyofoa, zikaelea na zikawa hai.

Makala ya 1964 kwenye Lancet ina majina matatu: Epstein, Achong, Barr. Bert Achong, kijana wa Trinidad, ndiye aliyekuwa kwenye hadubini ya elektroni. Leo kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Wa kwanza yumo, wa mwisho yumo, wa katikati ameanguka njiani. Na mtoto wa Uganda aliyetoa kipande kile, hilo hata tusilifungue.

Okello_Mwingine

Mnazungumzia majina ya mbele na nyuma, sisi wengine tuna shida na jina lenyewe.

Huku kwetu hakuna jina la ukoo la kurithi kama la Wazungu. Kaka zangu kila mmoja ana lake. Shuleni niliandikwa Okello kwanza, jina la dini mwisho. Kwenye pasipoti likageuka. Makala yangu ya kwanza jarida likaamua jina la dini ndilo la ukoo. Ya pili likarudi Okello. PubMed, ile orodha ya mtandaoni ya makala za tiba, inaniona mimi ni watu wawili, na kila mmoja wao ni mchapakazi hafifu.

Kwenye Google Scholar ikawa kinyume, nikawa wengi ndani ya mmoja. Okello wenye herufi yangu ya kwanza ni wengi kuliko maboda wa Gulu. Siku moja nafungua ukurasa wangu nakuta nimeandika kuhusu magonjwa ya mihogo, uchimbaji wa miamba ya chokaa sijui, na benki za vijijini. Mimi ni wa meno! H-indeksi ilikuwa imepanda vizuri sana, nikatamani kunyamaza.

Hesabu_Nyeusi

Wengine wananyamaza kweli, ndiyo faili zinavyonenepa.

Mkutubi_Wandegeya

Okello, hili ndilo ninalolia nalo kila siku. Mwenye jina la Mugisha, Okello, Nakato au Wasswa, tafadhali sana mfungue ORCID, kitambulisho cha mtafiti cha mtandaoni. Ni bure, ilianza 2012, inakupa namba ya tarakimu 16 ambayo ni yako peke yako, hata jina likigeuzwa mara kumi. Amua pia namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe hata jarida likikubembeleza. Kwenye Google Scholar zima ile ya kuongeza makala zenyewe, weka ikuulize kwanza. Scopus, mtandao mwingine unaohesabu marejeleo, unaweza kuwaandikia wakuunganishie kurasa mbili, wanajibu, ila ukumbushe.

Kumbuka pia kwamba Scopus, Web of Science na Google Scholar kila moja inahesabu kwa kapu lake. Google inahesabu mpaka tasnifu na ripoti za mashirika, kwa hiyo huwa juu. Ukiona mtu anajilinganisha kwa Google na mwenzake kwa Scopus, ameshaanza kukuchezea.

Mkunga_Kawempe

Nimesoma yote. Naomba niseme la wodi ya wazazi.

Mwaka 1999 utafiti wa Mulago ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine, dawa ya VVU, kwa mama aliye kwenye uchungu, na matone kwa mtoto ndani ya siku tatu, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu ukilinganisha na dawa iliyokuwepo. Jina la kwanza Guay, la pili Philippa Musoke wetu. Mimi sikuwahi kufungua hiyo Lancet. Lakini kile kidonge nimekitoa kwa mkono huu. Kilikuwa rahisi, mama anaweza kukipata hata kituo kisicho na umeme. Baadaye zikaja dawa bora zaidi, tukakiacha, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa nauliza, mimi kukitoa kile kidonge kunaandikwa wapi kwenye hizo namba zenu? Hakuna mkunga anayerejelea makala. Anafuata mwongozo uliobandikwa ukutani.

Hesabu_Nyeusi

Hapo ndipo penyewe, sista. Marejeleo ni watafiti wakisemezana wao kwa wao. Mwongozo wa ukutani haumo kwenye hesabu. Utafiti wa tohara wa Rakai vilevile: wanaume 4,996, makala Februari 2007, na Machi mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza tohara kama kinga mojawapo ya VVU, wakitegemea majaribio matatu: Rakai, Kisumu na Afrika Kusini. Mwezi mmoja! Marejeleo yalikuwa bado karibu na sifuri wakati sera inabadilika.

Mwanagenzi_Mbarara

Na hizi barua pepe za majarida? Mimi sijachapisha hata moja lakini kila wiki naitwa profesa mashuhuri, nilete makala, itatoka baada ya siku tano, dola 150.

Mkutubi_Wandegeya

Matapeli hao, futa. Jarida la kweli halina haraka hiyo, maana wasomaji wataalamu wanahitaji muda wa kukukosoa. Kulikuwa na orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi mwenzangu wa Marekani, aliiondoa mtandaoni 2017, nakala zake zinazunguka ila zimezeeka. Njia salama: fungua makala tatu za jarida hilo uzisome. Kama zina upuuzi, umejibiwa. Angalia kama liko PubMed au kwenye AJOL, ule mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza 1998. Hapa hapa Makerere kuna African Health Sciences, tangu 2001, linaonekana PubMed, na watu wanalikimbia kwa sababu impakti fakta yake, yaani wastani wa marejeleo ya makala zake, si ya kutambia.

Nayo hiyo impakti fakta ni ya jarida, si yako. Eugene Garfield aliianzisha ili kusaidia kuchagua majarida ya kuhesabu na kuwasaidia wakutubi wenye bajeti ndogo. Kifaa cha meza yangu hicho, sijui kilifikaje kwenye kamati ya vyeo. Kuna tamko la San Francisco la 2012 linalokataza kabisa kumpima mtu kwa jarida alilochapisha. Taasisi zinasaini, faili zinaendelea kama zamani.

Dripu_Soroti

Basi tufanyeje dada? Maana kamati nayo ina faili arobaini na alasiri moja.

Mkutubi_Wandegeya

Kama ningepewa kiti: kila mwombaji alete makala tano tu, anazozichagua mwenyewe. Kwa kila moja aandike aya moja, nilifanya hiki na hiki. Majarida mengi sasa yanadai tamko la nani alifanya nini, lina majukumu 14: aliyebuni, aliyekusanya data, aliyechambua, aliyeandika rasimu, na kadhalika. Kamati ilinganishe aya na tamko. Kisha mtu mmoja wa fani yake asome hizo tano kweli. Namba ziwepo mwisho wa faili, kwa anayezipenda.

Boda_wa_Sayansi

Na wanaoandika uongo kwenye hiyo aya?

Hesabu_Nyeusi

Waandike. Kwenye usaili unamuuliza swali moja tu: ni washiriki wangapi walipotea kabla utafiti haujaisha, na mlifanya nini? Aliyekuwepo atakujibu mpaka uchoke. Ambaye hakuwepo ataanza na utangulizi.

Mzee_Vitongojini

Na sisi wa baiskeli?

Mkutubi_Wandegeya

Mzee, kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zina masharti manne ya kuwa mwandishi. Kukusanya data kunatosha kwa sharti la kwanza. La pili linataka uwe umeshiriki kuandika au kuirekebisha rasimu, la tatu uidhinishe toleo la mwisho, la nne uwe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Watu kama wewe mnaangukia la pili, kwa sababu rasimu hamtumiwi. Lakini kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema «kanuni hairuhusu», mwambie asome mpaka mwisho wa ukurasa.

Limfoma_Mulago

Nimetoka wodini. Hili la rasimu naliunga mkono kwa asilimia zote. Kuna kijana wetu wa maabara, fundi wa kukata vipande, ndiye aliyegundua kwamba kundi zima la sampuli lilikuwa limekaa muda mrefu kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande, na lingeharibu majibu. Mradi mzima ungeanguka. Kwenye makala alishukuriwa kwa pamoja na «wafanyakazi wa maabara». Makala inayofuata nimemtumia rasimu. Amerudisha na maswali kumi na mawili, mawili kati yake sijui nitayajibuje.

Mzee_Vitongojini

Huyo mweke jina la pili.

Limfoma_Mulago

La tatu mzee, la pili limeshachukuliwa na msimamizi wangu. Ila nitamsumbua.

Okello_Mwingine

Dada mkutubi, ile ORCID nimefungua sasa hivi. Inauliza jina la kwanza ni lipi na la familia ni lipi. Nijaze nini?

Mkutubi_Wandegeya

Okello weka kwenye familia, na kuna sehemu ya «majina mengine», humo weka namna zote ulizowahi kuandikwa, hata zile zenye makosa. Halafu uje na orodha ya makala zako tutoe mihogo. Nipo zamu ya mchana wiki yote, mlango wa pili baada ya mashine ya fotokopi.